Shule Mbili za Kisesa ya Zamani

Wanafunzi wengi hudhani kwamba historia ni habari za vita, za magavana na za mikataba iliyotiwa sahihi Ulaya. Ukimwuliza mmoja wao habari za Mkutano wa Berlin wa mwaka wa 1884, atakujibu upesi. Ukimwuliza jinsi watu wa kijiji chake walivyolima, walivyocheza na walivyosoma miaka michache baadaye, atanyamaza, maana hudhani kwamba kwao hapakutokea jambo lo lote. Nimeandika somo hili ili kuonyesha kwamba sivyo. Nitaeleza mambo ya watu na mambo ya shule katika nchi ya Kisesa na jirani zake, tangu mwanzo wa karne ya ishirini hata miaka ya 1930 hivi, na mwisho nitawapa wanafunzi kazi ya kufanya.

Neno langu kubwa ni hili: mtoto wa Kisesa wa siku zile alikuwa na shule mbili. Moja haikuwa na ukuta wala ubao, nayo ilifundisha watoto wote. Ya pili ilikuwa na ubao na kengele, nayo ilichagua wachache. Kila moja ilikuwa na faida yake na upungufu wake, na mzazi aliyemtoa mtoto katika moja na kumtia katika ya pili alitoa kitu cha thamani ili apate kitu kingine cha thamani. Asiyelijua jambo hilo huwacheka wazee wa zamani kwa kuwa walisitasita. Mimi sioni kwamba wanastahili kuchekwa.

1. Nchi na watu wake

Kisesa iko katika Wilaya ya Magu, mwendo wa kilometa 20 hivi mashariki ya Mwanza, kando ya barabara iendayo Musoma. Ziwa Victoria liko karibu, upande wa kaskazini. Leo mahali hapo ni mji wenye maduka, magari na shule nyingi. Mwanzo wa karne iliyopita palikuwa na miji ya watu iliyotawanyika katikati ya mashamba na mawe makubwa, kila mji na nyumba zake za msonge, zizi lake la ng'ombe na ua wake wa minyara.

Wasukuma walitawaliwa na watemi, kila mtemi katika nchi yake. Chini ya mtemi walikuwapo banangwa, yaani wakuu wa vijiji. Wazee, waitwao banamhala, waliamua mashauri ya kijiji. Vijana nao walikuwa na mkubwa wao waliyemchagua, jina lake nsumba ntale, na huyo ndiye aliyewaita kazini na kuwaongoza. Utawala wa watemi ulifutwa kwa sheria mwaka wa 1963, lakini wazee hawakuyasahau majina hayo ya vyeo.

Mtu asidhani kwamba nchi hii ilikuwa imejificha na dunia. Kageye, kijiji cha pwani ya Ziwa kilichomo katika Wilaya hiyo hiyo ya Magu, ndiko alikofika Henry Stanley mwaka wa 1875 na kuiunga mashua yake, Lady Alice, aliyoichukua vipande vipande tangu pwani ya Bahari ya Hindi. Wamisheni Waingereza wa kwanza waliokuwa wakienda Uganda walifika Kageye mwaka wa 1877, na mmoja wao, daktari John Smith, alifariki na kuzikwa huko. Wasukuma wenyewe, pamoja na ndugu zao Wanyamwezi, walikuwa wapagazi hodari waliokwenda pwani kwa miguu na kurudi baada ya miezi mingi, wakiwa na nguo, shanga na nyimbo mpya.

Kisha mambo yakabadilika upesi. Mwanzo wa miaka ya 1890 sotoka iliua ng'ombe wengi sana katika Afrika ya Mashariki. Mwaka wa 1892 Wadachi, yaani Wajerumani, waliweka boma lao Mwanza. Mwaka wa 1898 serikali yao ilianza kutoza kodi ya nyumba. Mwishoni mwa mwaka wa 1901 reli iliyoanzia Mombasa ilifika Kisumu, na meli za moshi zikaanza kupita Ziwani. Basi ngozi, karanga na mchele wa Mwanza vikapata njia ya kwenda baharini bila kichwa cha mpagazi. Mwaka wa 1904 Wadachi walitangaza sarafu mpya, rupia moja kuwa na heller 100. Wanafunzi, angalieni: neno letu "hela" limetoka katika jina la sarafu hiyo, na neno letu "shule" limetoka katika Kidachi pia. Maneno haya mawili yaliingia vinywani mwetu katika miaka ile ile, wala si ajabu, maana kodi ilitaka hela, na aliyetaka kazi ya kalamu ili apate hela ilimpasa kwenda shule.

2. Shule ya kwanza: motoni, malishoni na shambani

Jioni, baada ya ng'ombe kuingia zizini, wanaume na wavulana wa mji walikaa penye moto wa nje uitwao shikome. Hapo walikula, na hapo mtoto alisikia habari za ukoo wake, mashauri ya jirani, vitendawili na hadithi. Hapakuwa na daftari, kwa hiyo aliyesikia vibaya aliaibika kesho yake alipoulizwa. Wasichana walifundishwa na mama zao na bibi zao penye kinu, kisimani na jikoni, nao walikuwa na nyimbo na mafumbo yao ambayo wavulana hawakuyajua.

Mchana mvulana alikuwa malishoni. Kazi hiyo huonekana nyepesi kwa mtu asiyeifanya. Mchungaji mdogo ilimpasa amjue kila ng'ombe kwa rangi yake na pembe zake, ajue majani yenye sumu, ajue mahali pa maji wakati wa kiangazi, tena atambue mara moja kwamba mmoja amepotea. Hiyo ni hesabu, ni elimu ya mimea na ni jiografia.

Nakumbuka siku nilipowapeleka wanafunzi wangu kutazama Makumbusho ya Wasukuma yaliyoko Bujora, hapo hapo Kisesa. Yapo maonyesho ya namna ya kuhesabu moja hata kumi, lakini si kwa namna moja. Zamani makundi ya rika mbalimbali, wavulana na wasichana, wanawake na wanaume, kila moja lilikuwa na majina yake ya hesabu, na watu wa kundi jingine hawakuyafahamu. Mwanafunzi mmoja aliniuliza, "Mwalimu, faida ya kuficha hesabu ni nini?" Nikamwambia aangalie yeye na wenzake wanavyosema bwenini maneno ambayo sisi walimu hatuyaelewi. Kila rika hupenda kuwa na siri yake, na siri hiyo huwafunga wenyewe kwa wenyewe kama kamba. Mtoto alipokua aliingia katika hesabu ya wakubwa, kama mwanafunzi wa leo apandavyo kidato.

Darasa kubwa la shule hii lilikuwa shamba. Mvua ziliponyesha, mtu mmoja hakuweza kupiga matuta ya kutosha kwa jembe la mkono kabla ya wakati wa kupanda kupita. Kwa hiyo vijana walilima kwa pamoja, leo kwa huyu, kesho kwa yule, chini ya nsumba ntale wao. Walipanga mstari, ngoma ikapigwa, majembe yakapanda na kushuka pamoja. Mwenye shamba aliwapa chakula, au ng'ombe wa kuchinja, kama walivyopatana. Aliyekuja amechelewa alitozwa faini, na mvivu alitungiwa wimbo, adhabu iliyoogopwa kuliko fimbo, maana wimbo hutembea mpaka kijiji cha wakwe. Waswahili husema, kidole kimoja hakivunji chawa. Vijana wa Usukuma hawakujifunza neno hilo kwa mithali, walilijifunza kwa mikono yao.

3. Ngoma: Bagika na Bagalu

Baada ya mavuno, katika miezi ya kiangazi, ulikuja wakati wa ngoma. Hapa lazima nieleze jambo ambalo ni mashuhuri kuliko yote katika Usukuma. Wachezaji waligawanyika katika vyama viwili vikubwa, Bagika na Bagalu. Wazee husimulia kwamba vyama hivyo vilianza katika karne ya kumi na tisa kwa watu wawili, Ngika na Gumha, waliokuwa waganga na mafundi wa ngoma, kila mmoja akidai kwamba yeye ndiye mwenye dawa kali zaidi. Ili kuamua, walishindana kwa ngoma.

Sheria ya mashindano ilikuwa rahisi. Pande mbili zilicheza wakati mmoja, mahali pamoja, zikiachana kidogo. Watazamaji walikuwa huru kwenda upande wautakao. Upande uliovuta watu wengi ndio ulioshinda. Hapakuwa na mwamuzi mwenye filimbi. Umati wenyewe ndio uliokuwa mwamuzi. Kwa hiyo kiongozi wa ngoma, aitwaye ningi, ilimpasa kutunga nyimbo mpya kila mwaka, kuwafundisha watu wake kwa siri, na kubuni mambo ya kushangaza. Ndiyo maana Bagalu wanajulikana kwa bugobogobo, ngoma ya majembe, ambayo wachezaji huyarusha majembe na kuyadaka kwa kufuata mapigo; na ndiyo maana Bayeye hucheza na nyoka, wakiwa wamejifunza kwanza tabia zao na dawa za sumu yao. Ipo na wigashe, ambayo watu huicheza wamekaa.

Ngoma ilifundisha nini? Ilifundisha utunzi wa mashairi, kushika wakati na kumtii kiongozi. Tena ilifundisha kushindwa. Waliokimbiwa na watazamaji mwaka huu hawakuchukua silaha. Walirudi nyumbani kutunga nyimbo bora za mwaka ujao, ingawa mashindano ya maneno yalikuwa makali. Nyimbo zilikuwa pia gazeti la nchi. Njaa, kodi, ukali wa akida, bei ya ng'ombe, mambo ya mtemi na ya jirani, yote yaliimbwa, na aliyetaka habari za nchi alikwenda uwanja wa ngoma.

Lakini tusiisifu shule hii kwa upofu. Imani ya dawa ilikuwa kubwa, na mtu aliyeshinda sana au aliyeshindwa sana aliweza kushukiwa uchawi. Tena si kila mkubwa aliipenda ngoma. Husimuliwa habari za Ng'wanamalundi, mcheza ngoma aliyevuma Usukuma yote na aliyefariki mwaka wa 1936, kwamba watu waliacha kazi zao wakamfuata, hata serikali ya Wadachi ikamkamata na kumpeleka mbali. Mengi yasemwayo juu ya nguvu zake ni hadithi, lakini hadithi zenyewe zinatuonyesha kwamba mtu aliyeweza kukusanya umati kwa wimbo tu alikuwa mtu wa kuogopwa na wenye boma.

4. Shule ya pili: ubao na kengele

Shule za kusoma na kuandika zilikuja nchi hii kwanza kwa mkono wa misheni. Mapadri Weupe walikaa Bukumbi, kusini ya Mwanza, mwaka wa 1883. Wamisheni wa Kiingereza walifungua kituo Nassa, pwani ya Ziwa mashariki ya Kisesa, mwaka wa 1888, na mwaka wa 1909 kituo hicho kikachukuliwa na Africa Inland Mission. Basi Kisesa ilikuwa katikati ya vituo viwili vya dini, kimoja kila upande.

Serikali ya Wadachi nayo ilikuwa na shule zake, ya kwanza ikiwa ile ya Tanga iliyofunguliwa mwanzo wa miaka ya 1890. Ilitaka makarani, wakalimani, walimu na watu wa kuandika kodi, na lugha ya kufundishia ilikuwa Kiswahili. Kabla tu ya Vita Kuu ya mwaka wa 1914, shule za serikali katika koloni zima zilikuwa karibu 100, zenye watoto 6,000 hivi. Shule za misheni zilikuwa zaidi ya 1,800, na watoto wao zaidi ya 150,000, ingawa nyingi zilikuwa kibanda kimoja, mwalimu mmoja na kitabu kimoja.

Vita vilipofika, Waingereza waliiteka Mwanza mwezi wa Julai 1916. Katika utawala wao shule ziliongezeka polepole. Mwaka wa 1925 ilifunguliwa Shule ya Serikali ya Tabora, nayo mwanzoni ilikusudiwa hasa kwa wana wa watemi. Mwaka wa 1928 reli ya kutoka Tabora ilifika Mwanza, na kijana aliyechaguliwa aliweza kwenda Tabora kwa gari la moshi, safari ambayo baba yake aliifanya kwa miguu.

Sasa tuje kwenye swali gumu: kwa nini wazazi wengi walikataa? Watu husema, "Kwa sababu ya ujinga." Jibu hilo si la haki. Fikirini hesabu ya mzazi wa mwaka wa 1920. Mtoto ni mchungaji. Akienda shule, nani atachunga? Ng'ombe ndiyo akiba ya mji, ndiyo mahari ya kaka zake, ndiyo kinga ya njaa. Tena mtoto atakayekosa miaka ya malishoni na ya mstari wa majembe atakosa rika lake, na mtu asiye na rika hana wa kumlimia anapougua. Tena shule nyingi za misheni zilimtaka mtoto aache ngoma, yaani aache kundi lake. Na mwisho wa yote, mzazi aliona nini mkononi? Karani mmoja amepata mshahara, na wengine wamerudi nyumbani bila kazi na bila ustadi wa jembe. Mzazi huyo alikuwa akipima, na mizani yake haikuwa mibaya.

Kwa wasichana mizani ilikuwa nzito zaidi. Maji, kuni, kinu na wadogo zao viliwangoja nyumbani, na shule za wasichana zilikuwa chache mno. Hasara ya jambo hilo tuliiona kwa miaka mingi, katika nyumba ambazo mama hakuweza kusoma cheti cha kliniki cha mtoto wake.

5. Ndugu wawili

Nitatoa mfano wa ukoo wangu. Babu yangu mzaa baba alikuwa na mdogo wake. Katika miaka ya 1920 mkuu wa kijiji alipotaka mji wao utoe mtoto wa kusoma, baba yao alikaa na jambo hilo siku nyingi, kisha akamtoa mdogo, kwa sababu mkubwa alikwisha kuwa mchungaji wa kutegemewa. Basi mmoja akaenda kwenye ubao, mmoja akabaki na ng'ombe.

Yule mdogo alisoma miaka minne tu. Lakini aliporudi alikuwa macho ya kijiji. Watu walimletea barua za watoto wao waliokwenda kufanya kazi mbali, stakabadhi za kodi na karatasi za baraza. Mkubwa alikuwa ningi wa kundi lake na mkulima hodari. Walipoanza kulima pamba, waliipeleka mnadani pamoja: mkubwa alikuwa ameilima na vijana wake, mdogo alisimama karibu na mizani akisoma namba. Babu alizoea kuniambia, "Ng'wanawane, yaani mwanangu, yeye alinisomea mizani, na mimi nilimlimia." Wala hakusema kwa uchungu. Lakini nilipokuwa mkubwa nilimwona mara kadhaa akishika gazeti kichwa chini, akilitazama kwa muda mrefu, kisha akalikunja vizuri na kuliweka.

Naona katika ndugu hao wawili picha ya mambo yaliyokuja baadaye Usukuma yote. Katika miaka ya 1950 wakulima wa pamba walipounda vyama vyao vya ushirika, na mwaka wa 1955 vyama hivyo vikaungana katika Victoria Federation, walihitaji vitu viwili. Kwanza, walihitaji watu wao wanaojua kusoma mizani na kuandika hesabu, ili mkulima asipunjwe. Hiyo ilikuwa kazi ya shule ya pili. Pili, walihitaji watu waliozoea kufanya kazi pamoja, kumchagua kiongozi na kumtii, na kumtoza faini anayewaangusha wenzake. Hiyo walikuwa wameifanya tangu utoto katika mstari wa majembe. Chama cha ushirika kisingesimama kwa mguu mmoja.

6. Shule mbili zilipokutana

Wako watu mashuhuri wa kando ya Ziwa ambao maisha yao yanaonyesha jambo hili wazi. Katika kisiwa cha Ukerewe, ng'ambo ya maji kutoka Usukuma, alizaliwa Aniceti Kitereza mwaka wa 1896. Alisomeshwa na Mapadri Weupe, akajua lugha nyingi. Alipochukua kalamu hakuandika habari za Ulaya. Aliandika kwa Kikerewe maisha ya mume na mke wa zamani: kulima, kuvua, kuoa, kuugua, kuzaa. Kitabu alikimaliza mwaka wa 1945, kisha mwenyewe akakitia katika Kiswahili, na kikapigwa chapa mwaka wa 1980 kwa jina la Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka. Kalamu aliipata katika shule ya pili, lakini mambo ya kuandika aliyapata katika ya kwanza.

Upande wa mashariki wa Ziwa, katika nchi ya Wazanaki, Julius Nyerere alichunga mifugo hata alipokuwa na miaka 12, ndipo akapelekwa shule ya Mwisenge, Musoma, mwaka wa 1934, na mwaka wa 1937 akaenda Tabora. Husimuliwa kwamba ustadi wake katika mchezo wa bao ndio uliomfanya mtemi wa jirani amshauri baba yake ampeleke mtoto huyo shule. Ikiwa ndivyo, basi shule ya kwanza ndiyo iliyomtambua, kabla ya mwalimu ye yote kumpa mtihani.

Na hapo Kisesa penyewe, katika miaka ya 1950, Padri David Clement, Mkanada wa shirika la Mapadri Weupe, alifanya jambo ambalo wamisheni wengi kabla yake hawakulikubali. Badala ya kuikataza ngoma aliikaribisha. Pale Bujora lilijengwa kanisa kwa mfano wa nyumba ya Kisukuma, na kando yake yakaanzishwa makumbusho ya kuweka ngoma za watemi, zana za wahunzi, vyombo vya nyumbani na vitu vya vyama vya ngoma. Sikukuu ya Ekaristi ikawa sikukuu ya Bulabo, neno maana yake maua, na baada ya ibada Bagika na Bagalu wakashindana kama zamani. Hata leo, mwezi wa Juni, watu hukusanyika Bujora kwa Bulabo, na umati ndio unaoamua.

7. Habari ndogo ni historia

Mtauliza, habari za watu wa kawaida tutazipata wapi? Nyingine zimeandikwa. Kabla ya Vita Kuu, shule ya serikali ya Tanga ilipiga chapa gazeti la Kiswahili lililoitwa Kiongozi, na tangu Januari 1923 Idara ya Elimu ya Tanganyika ilitoa Mambo Leo. Magazeti hayo yalipokea barua za walimu, makarani na wasomaji wengine kutoka miji na vijiji vya bara: mvua imenyesha, simba ameua ng'ombe, shule imefunguliwa, fulani ameoa, fulani amefariki, timu yetu imeshinda. Walioziandika hawakujua kwamba wanaandika historia. Leo mwanachuoni anayetaka kujua watu walikula nini na walicheka nini hufungua kurasa hizo kwa shukrani.

Lakini nyingi hazikuandikwa, na hazina yake ni wazee. Mtoto aliyezaliwa mwaka wa 1930, ambaye aliwasikia wazazi wake wakisimulia mambo ya Wadachi, leo ana miaka zaidi ya 90. Hawa wamebaki wachache, na hawatatungoja. Kwa hiyo nawaomba wazazi: mtoto akija likizo na daftari, msimwambie aache maneno ya zamani akasome masomo ya maana. Hayo ndiyo masomo ya maana. Na ninyi wanafunzi, mnapokwenda kwa mzee shikeni adabu. Amkieni kwanza, msaidieni kazi aliyo nayo, kisha ulizeni jambo moja moja. Andikeni maneno yake kama alivyoyasema, kwa lugha yake. Andikeni jina la kijiji na tarehe ya mazungumzo. Asipokumbuka mwaka, mwulize ilikuwa kabla au baada ya jambo linalojulikana, kama reli kufika Mwanza au kufutwa kwa utemi. Wazee wawili wakihitilafiana, andikeni maneno ya wote wawili, msiwaamue.

Maswali

1. Taja mambo matatu ambayo mvulana aliyachukua katika shule ya malishoni, na useme ni somo gani la leo linalofanana na kila moja.
2. Kwa nini umati, wala si mwamuzi, ulichagua mshindi katika ngoma za Bagika na Bagalu? Ni faida gani na hatari gani katika namna hiyo ya kuamua?
3. Ungekuwa mzazi wa Kisesa mwaka wa 1920, mwenye wana wawili, binti mmoja na ng'ombe kumi na watano, ungempeleka nani shule? Toa sababu, na useme utakachokosa.
4. Eleza kwa nini chama cha ushirika kilihitaji shule zote mbili.
5. Mtafute mzee mmoja wa kwenu. Mwulize habari za shule ya kwanza kufunguliwa kijijini, mwalimu alilipwa nini, na ni watoto wa nani waliokataliwa kwenda. Andika ukurasa mmoja.

Majibu ya swali la tano yaletwe kwangu wiki ya kwanza ya muhula ujao. Yaliyo mazuri yatachapwa katika gazeti hili, na yote yatafungwa pamoja na kuwekwa katika maktaba ya shule, ili wanafunzi watakaokuja baada yenu wayakute.